Kadi Yenye Tundu la Msumari

Mhariri, wiki hii mmetuuliza iwapo kadi za Krismasi za studio za Hollywood za zamani zilikuwa nzuri kuliko matangazo ya sikukuu ya siku hizi. Uzuri wake sibishani nao. Linalonikera ni kuziita salamu. Studio ya Walt Disney ilituma kadi mwisho wa mwaka, na mara nyingi mchoro wake uliwabeba wahusika wa filamu iliyokuwa ikisubiriwa mwaka uliofuata. Anayekutakia heri huku akikuonyesha bidhaa yake yuko kazini. Tena Krismasi yenyewe kwao ilikuwa hesabu: studio ya 20th Century Fox ilipoitoa filamu ya Miracle on 34th Street mwezi Juni 1947, kwa kuwa mkuu wake, Darryl Zanuck, aliamini watu huenda sinema zaidi wakati wa kiangazi, matangazo yake yaliificha Krismasi iliyomo katika hadithi.

Nilipokuwa nikiishi California nilipita katika soko la vitu vya kale la Rose Bowl, Pasadena, nikakuta kwa bibi mmoja boksi la kadi hizo. Nilichagua moja ya Disney yenye kalenda ya mwaka mpya, nikaomba anipunguzie bei kwa sababu ilikuwa na tundu la msumari na imejaa mwandiko wa penseli. Alikataa katakata. Baba yake, alisema, alikuwa na ukumbi mdogo wa sinema, na kadi hiyo ilitundikwa jikoni mwaka mzima. Mama yake aliandika humo siku ya kumlipa muuza maziwa, siku ya kwenda kwa daktari wa meno, na katika mwezi Machi akaizungushia duara tarehe moja bila maelezo yoyote. Mimi nilidai kuwa ndiyo siku filamu iliyotangazwa na kadi hiyo ilipowasili ukumbini. Bibi alicheka, akasema mambo ya ukumbini mama yake hakuyaandika kamwe jikoni. Tulibishana mpaka wateja wengine wakaanza kunung'unika nyuma yangu, na bei haikushuka hata senti moja. Nikailipa.

Kwa hiyo, kama mnataka hukumu, naziita salamu zile zenye kalenda pekee, kwa kuwa mtu aliishi nazo jikoni mwaka mzima, ingawa aliyezituma hakukusudia hivyo. Picha za waigizaji wa kike waliovishwa kofia ya Baba Krismasi na kupigwa miezi kadhaa kabla ya Desemba, ili ziwahi magazetini, sizihesabu.