Mauser ya 8x57 isiyo na herufi S: pima mtutu kwanza

Mkuu, umeuliza kama bunduki yako ya Mauser ya kuwindia ya kabla ya vita, iliyoandikwa "8x57" (saizi ya risasi) tu bila S, inaweza kupiga risasi za kisasa za 8x57 JS, zenye kichwa kinene zaidi. Usijaribu kabla ya kupima. Mitutu mingi ya kiraia ya Kijerumani iliendelea na kipimo cha zamani: kichwa cha risasi chenye kipenyo cha milimita 8.07 hivi. Cha JS ni 8.2. Mara nyingi risasi ya JS huingia chemba bila shida, na hapo ndipo hatari ilipo: kichwa kinabanwa mtutuni, shinikizo linapanda kupita kiasi.

Hakikisha haina risasi, toa bolti, paka mtutu mafuta kidogo. Sukuma kipande cha madini laini ya risasi kwa fimbo ya shaba kutoka mdomoni hadi kitoke, kisha pima sehemu yake pana kwa mikromita (kifaa cha kupimia unene) uone iko karibu na kipimo kipi. Chini ya mtutu, taji juu ya N ni alama ya kujaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Haikuhakikishii kipimo.

Darubini ya kulengea: ukungu wa njano ukingoni mwa lenzi mara nyingi ni gundi ya kuunganisha vioo inayoachia, kufuta hakusaidii. Vishikio vya makucha, vinavyoshika darubini juu ya bunduki, vilichongwa kwa mkono kwa bunduki moja, hivyo usinunue darubini peke yake ukitegemea itakaa. Nyingi za enzi hiyo hurekebishwa juu-chini tu. Kushoto-kulia hufanywa kwenye kishikio cha nyuma.

Na tafadhali, usiing'arishe bunduki upya. Rangi ya asili ndiyo inayobeba bei yake.