Hati ya vifungu tisa ilizimezaje falme za India?

SWALI: Shikamoo wakili. Nasoma sheria, mwaka wa pili. Tulifundishwa kwamba Vallabhbhai Patel, wakili aliyeanzia mahakama za wilayani Gujarat, aliziunganisha falme zaidi ya 550 za India kwa karatasi inayoitwa Hati ya Kujiunga. Nimeitafuta hati hiyo nikaisoma. Inasema wazi kwamba mtawala anabaki na mamlaka yake! Sasa falme zilikufaje? Na uwakili wa Patel ulisaidia kitu, au ilikuwa siasa tupu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umefanya jambo ambalo hata sisi wenye majoho huwa tunaliruka: umeisoma hati yenyewe. Na umesoma sawasawa. Hati ya Kujiunga haikuua ufalme hata mmoja. Zilizoua ni hati za baadaye, na ustadi wa Patel uko katika kujua ipi itangulie.

Anza na sheria ya wakati ule. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Uhuru wa India ya 1947 kilifuta ukuu wa Mfalme wa Uingereza juu ya falme za India. Zingatia: kiliufuta, hakikuurithisha kwa serikali ya Delhi. Kwa hiyo ikifika 15 Agosti, kila mtawala, awe anaitwa Maharaja, Nawab au Nizam, angekuwa peke yake kisheria, wakati reli, simu na posta zinakatiza katikati ya nchi yake. Patel alikabidhiwa Idara ya Falme ilipoanza kazi tarehe 5 Julai, katibu wake akiwa V. P. Menon. Zilibaki siku 41.

Wakadai mambo matatu tu: ulinzi, mambo ya nje na mawasiliano. Hayo ndiyo unayoyaona kwenye jedwali la hati. Tena ni mambo ambayo watawala wengi hawakuwa nayo hata chini ya Mwingereza, kwa hiyo walikuwa wanaombwa watoe wasichokuwa nacho. Halafu tazama walivyohakikishiwa: kifungu cha 5 kinazuia masharti yasibadilishwe bila ridhaa ya mtawala, cha 7 kinasema hafungwi na katiba yoyote ijayo, cha 8 kinalinda mamlaka yake ndani ya nchi yake. (Watawala wadogo wasiokuwa na mamlaka kamili walipewa hati ya namna nyingine, yenye kutoa zaidi. Ukiandika insha usizichanganye.) Kufikia siku ya uhuru karibu wote ndani ya mipaka ya India walikuwa wameshatia saini, ukitoa Junagadh, Hyderabad na Kashmir.

Hapo ndipo uwakili unapoingia. Patel alizaliwa Nadiad mwaka 1875, mtoto wa mkulima. Mtihani wa kumaliza sekondari aliufaulu akiwa na miaka 22 hivi, umri ambao wenzake walikuwa wameshatangulia mbali. Akafanya mtihani wa uwakili wa wilaya, akafungua ofisi Godhra mwaka 1900, kisha Borsad, akitetea kesi za jinai. Aliweka akiba ili akasome Uingereza, lakini nyaraka za safari zilipofika zimeandikwa V. J. Patel, kaka yake Vithalbhai, mwenye herufi hizohizo, akaomba atangulie yeye. Vallabhbhai akampisha. Alikwenda mwenyewe mwaka 1910, akamaliza masomo Middle Temple, chama cha mawakili cha London, kabla ya muda wake, akarudi Ahmedabad mwaka 1913. Mkewe alikuwa ameshafariki Januari 1909. Simu ya maandishi yenye habari ya msiba ilimkuta mahakamani akimdodosa shahidi. Akaisoma, akaitia mfukoni, akaendelea na maswali hadi mwisho. Wengine huisimulia hiyo kama sifa. Mimi kila nikiisikia huhisi baridi.

Wakili wa jinai aliyezoea kudodosa haanzi na swali kubwa. Humpa shahidi maswali madogo asiyoweza kuyakataa, mpaka jibu la mwisho liwe halina pa kukimbilia. Patel alifanya hivyo nje ya mahakama pia. Bardoli, huko Gujarat, mwaka 1928, kodi ya ardhi ilipandishwa kwa asilimia 22 hivi, wakulima wakagoma kulipa, naye akiwaongoza. Angeweza kuibeba vita ile kama madai ya kujitawala. Alikataa. Alichodai ni uchunguzi huru, basi. Uchunguzi ulipofanyika, nyongeza ilishuka hadi asilimia 6 na ushee. Ndiko alikopata jina la Sardar, yaani kiongozi. Miaka 19 baadaye aliwaendea wafalme vilevile, na ombi dogo mkononi.

Hatua ya pili haikuchelewa. Desemba 1947 alikutana na watawala wa falme ndogo za Orissa mjini Cuttack, na kesho yake na wale wa Chhattisgarh mjini Nagpur. Wananchi wao walikuwa wakiandamana, hazina zao hazikuwa na kitu, na mambo ya nje na ulinzi yalikuwa yameshakwenda. Wakatia saini mikataba ya kuungana, iliyoikabidhi Delhi mamlaka yote ya utawala. Malipo yao yalikuwa posho ya kila mwaka, mali binafsi na vyeo. Mwaka 1948 falme nyingine zilikusanywa katika miungano kama Saurashtra. Ufalme wa Janjira, ulioshikwa na Masidi wenye asili ya Afrika, nao uliingizwa jimbo la Bombay mwaka huohuo. Watawala waliosalia na viongozi wa miungano wakatia saini hati mpya zenye mambo mengi zaidi ya yale matatu, na Novemba 1949 wakatangaza kuikubali Katiba. Kwa hiyo vifungu vya 5 na 7 havikuvunjwa. Vilitekelezwa: ridhaa ilitakiwa, ridhaa ikatolewa. Kashmir peke yake ilibaki kwenye mambo matatu, na ibara ya 370 ya Katiba, iliyoipa hadhi ya pekee, ilitokana na hapo.

Je, ilikuwa safi? Ningekuwa wakili wa upande wa pili ningeshika Junagadh. Mtawala wake alijiunga na Pakistan, India ikakataa saini yake kwa hoja kwamba wananchi wengi ni Wahindu. Katika kura ya Februari 1948 walipiga watu 190,870, na waliochagua Pakistan walikuwa 91 tu. Lakini Kashmir, yenye Waislamu wengi, saini ya Maharaja ya Oktoba 1947 ilipokelewa, na kura iliyoahidiwa haikupigwa. Hyderabad hapakuwa na saini ya kujiunga kabisa, ila mkataba wa mwaka mmoja wa kuacha mambo yalivyo. Jeshi liliingia 13 Septemba 1948, kabla mwaka haujaisha, na raia wengi, hasa Waislamu, waliuawa katika vurugu zilizofuata. Hoja ya ridhaa unaweza kuitetea Orissa, kwa taabu. Hyderabad huwezi.

Ukimaliza hapo soma ibara ya 363 ya Katiba ya 1950, inayozuia mahakama kusikiliza migogoro ya mikataba hiyo. Mwenye kuandika mkataba alijua utapelekwa wapi, akafunga mlango. Lakini ahadi ya posho Patel aliitetea kwa nguvu katika Bunge la Katiba, akisema watawala walitoa nchi zao kwa kuiamini. Alifariki 15 Desemba 1950. Mwaka 1970 serikali ilipowafutia watawala hadhi yao kwa amri ya Rais, Mahakama ya Juu ilisema ibara ya 363 haiikingi amri hiyo, ikaibatilisha. Hukumu ilitolewa 15 Desemba, siku ileile, miaka 20 kamili baadaye. Mwaka uliofuata Bunge likafanya marekebisho ya 26 ya Katiba, na posho zikakatwa.