Ngoma ya Asili Ikialikwa Tamasha la Kimataifa

Barua ya mwaliko itakuuliza mko wangapi na mtapiga dakika ngapi. Haitakuuliza ngoma yenu inachezwaje. Hilo ni juu yenu kulisema, tena kwa maandishi, kabla hata ya kuomba viza. Nimeongoza kikundi kwa miaka mingi, na naamini maonyesho mengi hupwaya kwa sababu wageni wamepangiwa jukwaa la bendi na hawakusema kitu.

Kwenye jukwaa la bendi waimbaji hukaa mbele, ala nyuma. Lakini kwenye ngoma nyingi mpigaji kiongozi lazima aione miguu ya mchezaji, maana humo ndimo ishara ya kubadili mdundo inamotokea. Ukimweka nyuma ya migongo ya watu, anapiga kwa kubahatisha. Kwa hiyo chora mpangilio wenu, hata kwa kalamu tu, uonyeshe nani anamtazama nani, kisha umtumie meneja wa jukwaa. Watazame wapiga ngoma wa Burundi, waliokuwa kwenye tamasha la kwanza la WOMAD, tamasha la muziki na ngoma za dunia, huko Uingereza mwaka 1982. Huingia wakiwa wamebeba ngoma vichwani huku wanapiga, kisha hupanga nusu duara kuizunguka ngoma ya katikati. Kule kuingia ni sehemu ya ngoma yenyewe, na jukwaa ndilo linalowapisha.

Uliza pia sakafu ni ya nini. Mchezaji asiyevaa viatu anahitaji mbao zilizofagiwa, zisizo na msumari wala waya uliokatiza njia.

Ngozi ndiyo itakayowasumbua kuliko yote. Hewa yenye unyevu huilegeza na hewa kavu huikaza mpaka inaweza kupasuka, na safari moja ya ndege yaweza kukupitisha kote kuwili. Nyumbani tungewasha moto, tukaianika ngoma hadi isikike tunavyotaka. Karibu na jukwaa hakuna atakayekuruhusu. Omba mapema sehemu ya nje iliyo salama kwa moto, au hita ya umeme kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na umteue mtu mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni ngozi tu. Beba ngozi ya akiba na kamba za kuwambia.

Kuhusu mavazi na ala: ngozi ya mbega, ya chatu, au kipande cha pembe ya ndovu vinaweza kuzuiliwa mpakani. Mkataba wa CITES, ule wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975, unadhibiti usafirishaji wa vitu hivyo, na kibali hutolewa kabla ya safari. Kama hamna kibali, viacheni nyumbani.

Wakati wa kupima sauti, msipige kidogokidogo. Pigeni wimbo wenye kishindo kikubwa kuliko zote, wachezaji wakiwa na njuga zao miguuni, ili fundi mitambo asikie atakachokutana nacho usiku. Zeze na marimba ya mkono zina sauti ndogo. Kila moja ipewe maikrofoni yake, mbali na ngoma kubwa.

Mkipewa dakika 40, msilete ngoma kumi. Leteni tatu au nne, kila moja ipate muda wa kupanda. Ngoma inaanza taratibu, watu wanaitikia, joto linakuja lenyewe. Ukiikata dakika ya tatu umewaonyesha watazamaji mlango tu. Hapa huwa sikubali kushawishiwa na mtu yeyote, hata anayelipa.

Mwisho, kurekodiwa. Kamera zitakuwepo, na mara nyingi ruhusa imefichwa kwenye sentensi moja ya mkataba. Msanii wa ngoma za asili asidhani kwamba haki hizo ni za wanamuziki wa studio peke yao: Mkataba wa WIPO (Shirika la Miliki Bunifu Duniani) wa mwaka 1996 kuhusu maonyesho na rekodi za sauti unawataja waziwazi wanaoonyesha sanaa za jadi miongoni mwa wasanii wanaolindwa. Ulizeni rekodi itatumika wapi, kwa muda gani, na nani atalipwa ikiuzwa. Na kama kuna wimbo wa jando au wa matambiko ambao wazee hawataki utoke, usiwekwe kabisa kwenye orodha ya nyimbo za siku hiyo.