Re: Naenda ukweni Bukoba, senene siwawezi, nifanyeje?
Mkuu mtu wa Tanga unakula pweza na mikono yake yote halafu senene, panzi tu wale wa kuliwa, ndo wakutoe jasho? Umesema shida ni kuwaona, basi we subiri waliokwisha kunyonyolewa mbawa na miguu, wakakaangwa na chumvi na kitunguu mpaka wakakauka, mafuta wanatoa wenyewe hao. Anza na mmoja, mtafune kabisa usimmeze kama dawa, akigoma kushuka hamia kwenye ndizi na maharage, wakwe hawakufukuzi bana, mie nimeoa Dodoma na mlenda mpaka leo haupandi. Ila kama ukila kamba wa baharini huwa unavimba au kuwashwa, senene usiguse kabisa, mzio wake unaweza kuwa huohuo, mwambie shemeji mapema.