Kuendesha mashine pepe kwa Python: libvirt inavyotaka kushikwa mkono

libvirt ni programu ya kusimamia mashine pepe, yaani kompyuta zinazoigizwa ndani ya kompyuta nyingine. Kiunganishi chake kwa Python ni ganda jembamba juu ya maktaba ya C. Hakikulindi na tabia za C. Kinazileta kwako zilivyo.

Kwanza usakinishaji. `pip install libvirt-python` haileti libvirt yenyewe, inakompaili tu kiunganishi. Kwenye Debian au Ubuntu weka kabla `libvirt-dev`, `python3-dev`, `pkg-config` na `gcc`. Njia tunayoipendekeza ni nyepesi zaidi: `python3-libvirt` kutoka kwenye mfumo, maana tayari inaoana na libvirt iliyopo. Ukitumia venv (mazingira ya Python yaliyotengwa), iunde kwa `--system-site-packages`, la sivyo haitaiona.

Orodha ya mashine ikija tupu ilhali unajua zipo, tazama anwani ya muunganisho. `qemu:///system` (mashine za mfumo mzima) na `qemu:///session` (za mtumiaji mmoja) hazichangii mashine; QEMU ndiyo programu inayoziendesha. Kwa kazi ya kusoma takwimu tu, fungua muunganisho kwa `openReadOnly`.

Majina nayo hupotosha. `destroy` haifuti kitu. Ni sawa na kuchomoa waya wa umeme. `undefine` ndiyo inayoondoa usajili wa mashine, na faili la diski hubaki. `shutdown` ni ombi tu, hurudi papo hapo hata kama mfumo wa ndani haujasikia. Basi uliza `isActive` kila sekunde, hadi sekunde 60 hivi, ndipo uamue kutumia `destroy`. Kumbukumbu (RAM) hupimwa kwa KiB, yaani baiti 1024: GiB 2 ni 2097152. Ukiipa `setMemory` 2048 ukidhani ni MiB, umeibakizia mashine MiB 2, na itakwama.

Matukio, yaani taarifa ambazo libvirt hukutumia mashine inapowaka au kuzimika, ndiyo huwatesa watu zaidi, na kiini chake ni mpangilio. Ita `virEventRegisterDefaultImpl` kabla ya `open`. Ukitanguliza `open`, muunganisho huo unazaliwa bila njia ya kupokea matukio, na kuita baadaye hakuurekebishi. Kisha anzisha uzi (thread) wa pembeni unaorudiarudia `virEventRunDefaultImpl` bila kukoma, halafu sajili kwa `domainEventRegisterAny`. Ongeza `setKeepAlive(5, 3)` ili muunganisho wa mbali uliokufa ugundulike. Nayo hutegemea uzi huohuo. Fankisheni yako ya kupokea tukio huendeshwa ndani ya uzi huo, kwa hiyo isifanye kazi nzito wala kusubiri `shutdown` humo. Itupie taarifa kwenye foleni, uzi mwingine uishughulikie.

Unaposhika `libvirtError`, linganisha `get_error_code` na `VIR_ERR_NO_DOMAIN` (mashine haipo), usipekue maneno ya ujumbe: hubadilika kwa toleo na kwa lugha ya mfumo.

Kwa majaribio tumia `test:///default`; ina mashine moja iitwayo `test` na haihitaji QEMU. Ila humo `shutdown` huzima mara moja, kwa hiyo msimbo wako wa kusubiri sekunde 60 ujaribu pia kwenye mashine pepe ya QEMU isiyo na mfumo endeshi.