Maswali Yenu: Yellowstone Iko Wapi?

SWALI: Kwa nini hapa Marekani Yellowstone haipo kwenye huduma ya mtandaoni ya Paramount+, ilhali ni tamthilia ya kampuni hiyohiyo? (Msomaji, Columbus, Ohio)

JIBU: Iliuzwa mapema mno. Ilianza Juni 2018 kwenye kituo cha kebo cha Paramount Network. Mwanzoni mwa 2020 wenye nayo wakauza haki ya kuionyesha mtandaoni nchini Marekani kwa Peacock, huduma ya washindani wao NBCUniversal. Paramount+ ilipozinduliwa Machi 2021, tamthilia yao inayopendwa kuliko zote ilikuwa imeshawekwa dukani kwa jirani. Mkataba ulishasainiwa, hapakuwa na kurudi nyuma.

Ikawa hivi: anayetaka sehemu mpya usiku uleule alipie kebo, misimu iliyopita aifuate Peacock, na hadithi za mababu wa akina Dutton, ukoo wa Yellowstone, yaani tamthilia za 1883 na 1923, azikute Paramount+. Ukoo mmoja, malipo matatu! Kwa maoni yetu, hizo hadithi za mababu zilikuwa pia kiraka cha mkataba ule. Kabla ya kulipia chochote, tafuta jina la tamthilia kwenye tovuti ya JustWatch na uchague nchi uliyopo, maana haki hizi huuzwa nchi kwa nchi.

SWALI: Kama tamthilia ina mashabiki wengi, kituo huifuta kwa nini?

JIBU: Mashabiki wanaweza kuwa wengi lakini wasiwe wa kituo. Kwa miaka mingi matangazo ya Marekani yameuzwa kwa hesabu ya Nielsen, kampuni inayopima watazamaji, ya walioyaona ndani ya siku 3 au 7. Anayesubiri msimu uishe autazame Netflix hamwingizii mrushaji hata senti.

Tamthilia ya The Expanse ni mfano mzuri. Mkataba wa kituo cha Syfy ulitegemea zaidi watazamaji wa papo kwa papo, kwa hiyo Mei 2018 kituo kikaiacha baada ya misimu 3. Mwezi uleule Amazon ikaichukua, ikaongeza mingine 3. Kituo cha Lifetime nao walikuwa wameagiza msimu wa pili wa tamthilia ya You, wakaghairi. Iliingia Netflix Desemba 2018, na Januari Netflix ikatangaza kutarajia zaidi ya kaya milioni 40 ndani ya wiki 4 za kwanza. Hapo msomaji awe macho: aliyetazama asilimia 70 ya sehemu moja tu alihesabiwa.

SWALI: Nitajuaje kuwa tamthilia ninayoipenda iko hatarini?

JIBU: Usizime majina yanapopita mwishoni. Angalia nembo ya kampuni iliyotengeneza. Ikiwa si ndugu wa kituo, faida ya mauzo ya baadaye inakwenda kwingine, na kituo hakina sababu kubwa ya kuvumilia msimu mbaya. Brooklyn Nine-Nine ilirushwa na Fox lakini ilitengenezwa na Universal Television, ndugu wa NBC. Fox waliifuta tarehe 10 Mei 2018. Kesho yake NBC wakaichukua.