Petroli haigeuki kuwa nishati

Msomaji mmoja anayehariri kitabu cha sayansi cha wanafunzi wa sekondari ameuliza lipi ni sahihi kati ya "mafuta huwaka" na "mafuta huungua", na akanitolea sentensi iliyomtatiza: "Petroli inapowaka ndani ya injini hugeuka kuwa nishati." Ameomba nimchagulie kitenzi kimoja tu. Nitamchagulia, ila namwomba radhi mapema, kwa kuwa katika sentensi hiyo kuwaka ni kosa dogo lililokaa jirani na kosa kubwa, na hilo kubwa hakuliuliza.

Kuwaka ni habari ya moto na mwanga. Taa ya umeme huwaka bila kitu chochote kuungua ndani yake, na injini nayo husemwa kuwa imewaka pindi inapoanza kunguruma. Kuungua ni habari ya kile kinacholiwa na moto, kiwe nguo, mkono au gogo; kuteketea ni kuungua hadi kisibaki kitu cha kuokoa. Kwa hiyo, anayesimulia yanayoipata petroli yenyewe aandike kuungua. Kwamba vitabu vyetu huliita tendo zima mwako, neno lililozaliwa na kuwaka, ni kasoro ninayoivumilia, maana neno limekwisha kuota mizizi na "uunguaji" hujikwaa mdomoni.

Sasa nije kwenye "hugeuka kuwa nishati", maneno ninayoyafuta kwa kalamu nyekundu miaka nenda miaka rudi, nayo huchipua upya katika kila mswada. Kugeuka kuwa, katika Kiswahili, hudai kwamba kile kilichokuwapo mwanzo ndicho hichohicho kilichopo mwishoni, kikiwa na sura nyingine: maji hugeuka kuwa barafu, kiwavi hugeuka kuwa kipepeo. Anayetuambia kwamba petroli hugeuka kuwa nishati anatuambia kwamba baada ya safari tukaitafute petroli yetu ndani ya mwendo wa gari na joto la injini. Haimo humo. Imetoka kwa bomba la nyuma, ikiwa imeshikana na oksijeni.

Tuichukue oktani, mojawapo ya viambato vya petroli, tuiweke kwenye mizani. Gramu 114 za oktani zikiungua kikamilifu huchukua gramu 400 za oksijeni kutoka hewani, na kinachopatikana ni gramu 352 za kaboni dioksidi na gramu 162 za maji. Jumlisha vilivyoingia, utapata 514. Jumlisha vilivyotoka, utapata 514. Ningependa mwandishi wa sentensi ile anioneshe ni gramu ipi kati ya hizo iliyogeuka kuwa nishati. Kila atomu ya kaboni iliyokuwa katika oktani imo katika kaboni dioksidi, na kila atomu ya haidrojeni imo katika maji. Hakuna hata moja iliyojiuzulu uatomu wake. Ndiyo maana lita moja ya petroli, yenye uzito wa takribani gramu 750, huacha takribani kilo 2.3 za kaboni dioksidi, yaani mara tatu ya uzito wa mafuta yaliyoungua. Kitu kilichogeuka kuwa nishati kingewezaje kuacha mzoga mzito kuliko mwili wake? Mwaka 1772 mwanakemia Mfaransa Antoine Lavoisier alikwisha kutambua kwamba salfa na fosforasi huongezeka uzito zinapoungua, lakini habari hizo, naona, bado ziko njiani kuwafikia waandishi wetu.

Yupo mjuzi ambaye hapa atanyoosha mkono na kunisomea mlinganyo wa Einstein, ule unaosema kwamba nishati ikitoka, uzito nao hupungua kidogo. Namshukuru. Nishati inayotolewa na lita ile ni takribani megajuli 33, na kwa mlinganyo huohuo uzito unaopungua haufiki nusu ya mikrogramu. Akiweza kuutetea msemo wa "petroli hugeuka kuwa nishati" kwa kipande hicho kisichofika nusu ya sehemu moja ya milioni ya gramu, nitamwachia.

Nishati, basi, hutoka wapi? Hutoka katika kupangwa upya kwa atomu. Vifungo vya oktani na vya oksijeni havivunjiki bure. Kuvivunja hugharimu nishati, na ndiyo sababu petroli yaweza kukaa na hewa bila kisa mpaka cheche iipige. Lakini atomu zinapofungana upya kuwa kaboni dioksidi na maji, vifungo hivyo vipya ni imara zaidi, na kufungwa kwake hutoa nishati nyingi kuliko ile iliyogharimiwa. Ziada hiyo ndiyo tunayoipata kama joto, mwanga na msukumo wa pistoni. Kuni, makaa na gesi hufuata njia hiyohiyo. Neno nishati lenyewe tumelipata kwa Waarabu, likiwa na maana ya uchangamfu, na sijapata kusikia mtu akisema kwamba kiti chake kimegeuka kuwa uchangamfu.

Mhariri wangu aandike hivi: "Petroli inapoungua ndani ya injini huungana na oksijeni na kugeuka kuwa kaboni dioksidi na maji, huku ikitoa nishati." Ndiyo, sentensi imerefuka. Lakini neno "huku" linafanya kazi ambayo "kuwa" haikuiweza, kwani linaweka hesabu mbili kando kwa kando, ya maada na ya nishati, bila kumwaga moja ndani ya nyingine.

Nadhani katika sura hiyohiyo atakutana pia na "nishati nyingi hupotea kama joto", na atashawishika kuifuta kwa hoja kwamba nishati haipotei. Hapo asinitaje. Kupotea katika Kiswahili si kuangamia: mtoto aliyepotea yupo mahali fulani, ila hayupo tunapomtaka, na joto linalotoka kwenye injini bila kuyasukuma magurudumu liko hivyohivyo. Aiache.